Viondoa Rangi kwa Fremu ya Bastola ya Polima: Kipi Kinafaa na Kipi Kiachwe Dukani

Kati ya viondoa rangi nilivyovijaribu juu ya fremu za bastola za polima (fremu ni sehemu ya chini yenye mpini, ambayo hapa ni ya plastiki), ninachokipa nafasi ya kwanza ndicho kisicho na haraka kuliko vyote: kisafishaji cha alkali laini kinachochanganywa na maji, cha aina ile inayouzwa kwa ajili ya kuondoa grisi kwenye mashine na mafuta yaliyoganda jikoni. Simple Green ni jina linalofahamika sana katika jamii hiyo, ingawa viko vingine vingi vinavyofanya kazi ileile. Nafasi ya pili naipa alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, na ya tatu asetoni safi, ambayo ni mtumishi mzuri kwa mtu anayejua kwa hakika fremu yake imetengenezwa kwa plastiki gani na ni hatari kwa anayekisia. Thina, jeli za kuvua rangi ya mbao na chuma, kisafisha oveni, mafuta ya breki na kipulizia hewa moto nimevipa alama za chini, kila kimoja kwa sababu yake, na sababu hizo ndizo zenye faida kwa msomaji kuliko mpangilio wenyewe.

Tathmini hii inahusu rangi iliyopuliziwa au kupakwa juu ya fremu baada ya bastola kutoka kiwandani: rangi za makopo ya kupuliza, rangi za mafuta, akriliki, na zile ngumu za epoksi na kauri ambazo kwa kawaida hupakwa na mafundi. Rangi ya fremu nyingi za polima zinapotoka kiwandani haiko juu ya plastiki, bali imechanganywa ndani ya plastiki yenyewe kabla ya kumiminwa kwenye kalibu, kwa hiyo hakuna dawa inayoiondoa, wala hakuna haja ya kuiondoa.

Ili kukitendea haki kila kiondoa rangi, ni lazima kwanza ieleweke kinagusana na kitu gani. Fremu za polima si jambo la juzi: kampuni ya Heckler & Koch ya Ujerumani ilitoa bastola ya VP70 mwaka 1970, na jeshi la Austria liliichagua Glock 17 mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya hapo watengenezaji wengi wakafuata njia hiyo. Kila kiwanda kina mchanganyiko wake, lakini fremu nyingi za leo ni nailoni iliyoimarishwa kwa nyuzi fupi za kioo. Nailoni ina tabia inayomfaa sana mtu anayetaka kuvua rangi, kwa kuwa haisumbuliwi na mafuta, petroli, alkoholi za kawaida, asetoni wala alkali hafifu. Adui zake ni asidi kali, hususan asidi ya fomiki, ya haidrokloriki na ya salfuriki, pamoja na kemikali za jamii ya fenoli, ambazo hukata minyororo ya molekuli zake au kuiyeyusha kabisa. Kwa sababu hiyo dawa za kusafishia choo na baadhi ya dawa za kuondoa kutu, ambazo zina asidi ndani yake, hazifai hata kukaribishwa katika kazi hii, ingawa wapo wanaodhani kwamba kinachong'arisha sinki kitang'arisha pia fremu.

Hata hivyo, si kila kinachofanana na fremu ya bastola ni nailoni. Bastola za mchezo na za mazoezi mara nyingi hutengenezwa kwa plastiki ya ABS, na sehemu za pembeni, kama vile vifuniko vya mpini vya kuongezwa na vishikizo vya tochi, zinaweza kuwa za ABS au polikabonati hata zikiwa zimefungwa kwenye bastola halisi. Asetoni huyeyusha ABS, na huifanya polikabonati kuwa nyeupe na kupasuka. Mtu anayeanza kazi bila kusoma kitabu cha mtengenezaji kuhusu kila kipande anacheza kamari, na fremu si kitu cha kuchezea kamari, kwa sababu ndiyo inayobeba mfumo wa kufyatulia na ndiyo inayotambuliwa kisheria kama silaha katika baadhi ya nchi, Marekani ikiwa mojawapo.

Kabla ya kufungua chupa yoyote, bastola ipakuliwe. Magazini (kasha la risasi) itolewe kwanza, kisha slaidi, yaani sehemu ya juu inayoteleza, ivutwe nyuma na kufungwa hapo, na chemba, mahali risasi inapokaa tayari kupigwa, ikaguliwe kwa macho na kwa ncha ya kidole, mara moja na mara ya pili. Risasi zote zihamishiwe chumba kingine kabisa. Agizo hili linazidi uzito kwa bastola ambazo haziwezi kufunguliwa bila kuvuta kifyatulio kwanza, Glock ikiwa miongoni mwao: risasi iliyosahaulika kwenye chemba wakati huo hutoka. Baada ya hapo slaidi, mtutu na springi yake huwekwa kando, kwa kuwa hazihusiki na kazi hii. Mwenye ujuzi na vifaa vya kusukuma pini atoe pia sehemu za kifyatulio na springi zilizomo ndani ya fremu. Asiye na ujuzi huo aache zilivyo, lakini ajue kwamba hatakiwi kuloweka fremu ndani ya kimiminika chochote, bali atumie kitambaa na brashi peke yake, au ampelekee fundi wa silaha amfungulie.

Sasa nirudi kwa mshindi. Kisafishaji cha alkali laini hakiyeyushi rangi kwa maana ambayo asetoni huiyeyusha. Rangi nyingi za mafuta, za kopo la kupuliza au za kupakwa kwa brashi, zimejengwa kwa resini ya alkidi, ambayo ndani yake mna mafuta yaliyofungamanishwa kikemikali, na alkali huvunja vifungo hivyo taratibu kwa njia ileile ambayo mafuta hugeuzwa kuwa sabuni. Rangi ya akriliki nayo hulainika na kuachia sehemu ilizoshika, hasa ikiwa ilipuliziwa juu ya plastiki ambayo haikuondolewa mafuta vizuri, jambo ambalo ni la kawaida sana kwa kazi za nyumbani. Matokeo yake ni kwamba baada ya kulowekwa kwa saa kadhaa, au usiku kucha kwa rangi iliyokomaa, rangi huanza kuvimba na kukunjamana, kisha hutoka kwa mswaki kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Nailoni iliyo chini yake hubaki na weusi wake na chembechembe zake za kushikia.

Ninachokithamini zaidi katika kundi hili ni kwamba makosa yake husameheka. Mtu akichelewa kurudi kwa saa mbili hakuna kinachoharibika. Visafishaji vingi vya aina hii vilivyozimuliwa kwa maji haviwaki, havitoi mvuke wa kulevya, na glavu za nitraili zinatosha kulinda ngozi. Kasoro zake zipo pia, na ni haki zisemwe. Ya kwanza ni kwamba dawa hii ni ya maji, na fremu ya polima si plastiki tupu, kwani ina reli za chuma zilizozikwa ndani yake, pini, na mara nyingine vipande vya alumini. Chuma hupata kutu kikiachwa na unyevu, na alumini hupoteza rangi au kuliwa ikilowekwa muda mrefu katika alkali, hata ile inayoitwa laini. Kwa hiyo sehemu yoyote ya alumini itolewe kwanza, na ikiwa haitoki, kulowekwa kusiwepo. Ya pili ni kwamba nailoni hunywa maji. Nailoni ya kawaida isiyo na kioo inaweza kubeba maji hadi karibu asilimia 9 ya uzito wake ikishiba kabisa, na ile yenye nyuzi za kioo hubeba kidogo kuliko hapo. Kushiba huko huchukua muda mrefu sana kwa kipande kinene, kwa hiyo usiku mmoja hauleti madhara ya kudumu, lakini wiki nzima ndani ya ndoo haina sababu. Ya tatu, ambayo ndiyo itakayowakatisha tamaa wengi, ni kwamba dawa hii haiwezi kitu mbele ya rangi za epoksi na za kauri zilizokauka sawasawa.

Alkoholi ya isopropili ya asilimia 99 imepata nafasi ya pili kwa kuwa ndiyo ninayoichagua pale kulowekwa kusipowezekana. Hulainisha akriliki nyingi kwa dakika chache tu, hukauka bila kuacha maji kwenye springi, na haigusi nailoni. Ile ya asilimia 70 inayouzwa kwa ajili ya vidonda haifai sana, kwa sababu theluthi yake hivi ni maji na nguvu yake juu ya rangi hupungua sana. Namna nzuri ya kuitumia ni kulaza kitambaa cha pamba kilicholoa juu ya sehemu ndogo, kukifunika kwa karatasi ya plastiki ili isiruke haraka, kungoja kidogo, kisha kusugua kwa mswaki wenye nywele za nailoni. Juu ya rangi ya mafuta iliyokomaa haina haraka, na mara nyingi huishia kulainisha tabaka la juu tu. Hapo ndipo huwa mshirika wa alkali, si mbadala wake. Huwaka kwa urahisi, kwani mvuke wake hushika moto tangu joto la nyuzi 12 za Selsiasi hivi, kwa hiyo dirisha liwe wazi na jiko liwe limezimwa.

Asetoni ndiyo inayosifiwa na wengi, na sifa zake si za uongo. Juu ya fremu ya nailoni huondoa lakeri na rangi nyingi za kopo papo hapo, bila kulowekwa, na plastiki iliyo chini haibadiliki. Ningeipa nafasi ya kwanza kama hukumu yangu ingefuata kasi peke yake. Niliishusha kwa mambo mawili. La kwanza ni hilo la plastiki nyingine zinazoweza kuwamo bila mwenye silaha kujua: kitufe cha kutolea magazini, kifuniko cha nyuma cha mpini, au kipande kilichobadilishwa na mmiliki aliyetangulia. La pili ni usalama wa mtumiaji mwenyewe. Mvuke wa asetoni hushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, ni mzito kuliko hewa, na hutambaa sakafuni hadi ukutane na cheche iliyo mbali na meza. Tena glavu za nitraili, ambazo watu wengi huziamini kwa kila kitu, hupitishwa na asetoni kwa muda mfupi. Zinazofaa ni za mpira wa butaili. Anayeitumia basi aitumie kwa kitambaa na kwa vipande vidogo, nje au penye upepo, na vitambaa vilivyoloa avianike nje mbali na moto hadi vikauke kabla ya kuvitupa.

Jaribio la doa halina mbadala, iwe dawa ni ipi. Mahali pazuri ni ndani ya tundu la magazini, ambapo hakuna anayepaona. Tone moja la dawa liachwe kwa muda uleule unaokusudiwa kwa kazi yote, kisha pafutwe kwa kitambaa cheupe. Ikiwa mahali pasipo na rangi ya kopo panaacha weusi kwenye kitambaa, au panashikana na kidole, au ukucha unaacha alama, hiyo ni plastiki inayoyeyuka na kazi isimame. Jibu la kuaminika hupatikana baada ya doa kukauka kabisa, maana kuna plastiki zinazolainika na kuonekana zimepona, kumbe zimebakia na nyufa ndogo ndogo.

Kuhusu thina nitakuwa mkali. Thina si kemikali moja, bali ni jina la mchanganyiko wowote ambao kiwanda kimeamua kuuweka ndani ya kopo, na mara nyingi mna toluini, ketoni, esta na alkoholi kwa viwango ambavyo lebo haivisemi. Hata ikiwa kopo la leo halikudhuru fremu, la kesho la jina lilelile linaweza kuwa na kitu kingine. Kwa kazi ambayo msingi wake wote ni kujua nini kinagusa nini, bidhaa isiyotaja viambato vyake haifai.

Jeli za kuvua rangi zinahitaji kusomwa lebo kwa makini zaidi. Zile za zamani zilitegemea methilini kloraidi, kemikali ambayo mwili huigeuza kuwa kaboni monoksaidi na ambayo imeua watu waliokuwa wakifanya kazi katika vyumba visivyo na hewa. Marekani iliamua mwaka 2019 kuzuia viondoa rangi vya namna hiyo visiuzwe kwa matumizi ya nyumbani. Mbali na hatari hiyo, baadhi ya jeli huongezewa asidi ili ziume rangi ngumu vizuri, na asidi ndiyo hasa nailoni isiyoistahimili. Jeli za kisasa zinazotumia alkoholi ya benzaili zina harufu ya upole, lakini alkoholi hiyo si kama za kawaida: ikiwa moto inaweza hata kuyeyusha nailoni. Zimetengenezwa kukaa saa nyingi juu ya milango na viti, na kwa milango na viti sina ugomvi nazo.

Kisafisha oveni chenye sodiamu haidroksaidi hufanya kile kinachofanywa na alkali laini, lakini kwa ukali ambao hauhitajiki. Rangi ya mafuta hutoka kweli, na haraka, ila alumini yoyote iliyomo huliwa, na jicho lililorushiwa tone moja linaweza kupoteza uwezo wa kuona. Mafuta ya breki, yaliyopendwa zamani na waundaji wa vinyago vya plastiki, hulainisha rangi taratibu, lakini huacha utelezi unaochukua muda mrefu kuondoka katika chembechembe za mpini. Sioni anachopewa mtu hapo ambacho alkali laini haimpi kwa usafi zaidi.

Hewa moto ni ya kukataliwa bila mjadala. Nailoni 6, mojawapo ya aina za kawaida za nailoni, huyeyuka kwenye nyuzi 220 hivi, na vipulizia vingi vya kuvulia rangi hupita kiwango hicho kwa mbali. Hata kabla ya kuyeyuka, fremu iliyolegezwa na joto inaweza kujipinda kiasi ambacho jicho halioni lakini reli za slaidi zinakihisi.

Swali linalobaki ni rangi za epoksi na za kauri, mathalani Cerakote, ambayo kazi yake ni kuzistahimili nyingi ya dawa nilizozitaja. Zikikauka ipasavyo, vimiminika salama kwa nailoni havizigusi. Njia inayobaki ni kuzisugua kwa msasa au kwa kupuliza chembe za kukwaruza, na hapa ndipo fremu nyingi huharibiwa: chembe ngumu hula pia plastiki, hufuta michoro ya kushikia, na huzifunua nyuzi za kioo kiasi kwamba uso hubaki wa kijivu na kuwasha mkono. Ushauri wangu kwa mwenye rangi ya aina hiyo ni kuchagua kati ya mambo mawili: ampe kazi fundi mwenye mashine ya shinikizo dogo na chembe laini, au aikwaruze kidogo kwa msasa laini wenye maji, ambao hauleti vumbi la kuvuta puani, na kupaka rangi mpya juu yake. Kuivua yote nyumbani hadi plastiki ionekane ni kazi ambayo sijaona ikitoa fremu nzuri.

Kwa upande wa vifaa, mswaki wa kawaida hushinda brashi ya shaba, ambayo huchora nailoni na kuacha madoadoa ya manjano yasiyotoka. Vijiti vya meno na kadi ya plastiki iliyokatwa pembe hufika kwenye mifereji. Uangalifu wa pekee uwe kwenye bamba dogo la chuma lenye namba ya utambulisho. Rangi iliyo juu yake itolewe kwa kitambaa na alkoholi tu, bila msasa wala ncha kali, kwa sababu kufuta au kuharibu namba hiyo ni kosa la jinai katika nchi nyingi.

Rangi ikishatoka, fremu isuuzwe kwa maji ya uvuguvugu, ipanguswe, na iachwe mahali penye upepo hadi mashimo ya pini yakauke, na si juani wala ndani ya oveni. Ukungu mweupe unaobaki mara nyingine juu ya plastiki kavu usimtie mtu hofu, kwani kwa kawaida ni mabaki ya dawa au uso uliokaushwa mafuta yake, na huondoka kwa kusuuzwa tena na kufutwa kwa tone dogo la mafuta ya silaha. Reli na pini zipakwe mafuta siku hiyohiyo. Vipande vya rangi vilivyojificha kwenye mfereji wa kifyatulio na nyuma ya kitufe cha magazini vitolewe vyote kwa tochi na kijiti, kwa maana ganda moja chini ya kifyatulio linaweza kukizuia kurudi mahali pake.

Bastola ikishaunganishwa, ijaribiwe bila risasi: magazini tupu idondoke kwa uzito wake kwa zile zilizoundwa hivyo, slaidi iteleze bila kukwama, kifyatulio kirudi kwa nguvu yake ya awali. Ikiwa reli zimelegea, ikiwa kuna ufa karibu na shimo la pini, au ikiwa sehemu yoyote ya plastiki bado inanata baada ya siku ya pili, bastola hiyo haipigi risasi hadi fundi wa silaha aione, na mabaki ya dawa iliyotumika, yakiwa kwenye chupa yake yenye lebo, yaende naye ili ajue kilichoigusa.